Kinanda kina foleni: tulinganishe litungu, nanga, ilimba, adungu na baritoni

Ingia mazoezi ya kwaya ya watoto popote Mwanza, iwe Nyakato, Butimba au Buswelu, utakuta kinanda kimoja na watoto wanaosubiri zamu wamejipanga mpaka mlangoni. Gitaa linafuata kwa karibu. Ngoma sizitaji hata kidogo, maana hapa ni Usukumani, na mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa ameshapiga ndoo na madumu nyumbani hadi majirani wamesema basi. Ndiyo maana wazazi siku hizi wanauliza: hakuna chombo ambacho mwanangu hatakipangia foleni?

Vipo, tena vingi. Shida ni namna vinavyochaguliwa. Mzazi anaona chombo kwenye simu, kinalia vizuri, anaagiza, na kabla mwaka haujaisha kimetundikwa ukutani pembeni ya kalenda. Chombo adimu kinadai watu watatu kabla hakijadai fedha: wa kumfundisha mtoto, wa kukirudisha kwenye sauti kikilegea, na wa kupiga pamoja naye. Kwa gitaa watu hao wako kila mtaa. Kwa vyombo ninavyovileta hapa inabidi uwatafute kwanza, na kwa kipimo hicho ndivyo nitakavyovilinganisha.

Baadhi nimeviacha makusudi. Udi na kanuni za taarabu ni vyombo vitamu, na Zanzibar kuna chuo cha kuvifundisha, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002. Lakini mtoto wa darasa la nne hawezi kuvuka nchi nzima na bahari kila wiki kufuata somo. Kodiani nayo nimeiacha: mvukuto ukipasuka, fundi wa kuuziba ni adimu kuliko kodiani yenyewe.

Vyombo vyenyewe

Litungu ni kinubi kikubwa cha Wakurya wa Tarime na wenzao wa upande wa Kenya. Ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, miti miwili inayopanda juu, mwamba unaoiunganisha, na nyuzi nane. Sauti yake ni nzito, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ndugu yake mdogo ni nyatiti ya Wajaluo wa Rorya na Nyanza ya Kenya, nayo ya nyuzi nane, yenye sauti ya juu zaidi na mwendo wa kasi. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma ya kugongea mti wa chombo, na mguuni kafunga njuga. Huyo ni mtu mmoja anayefanya kazi ya bendi. Hivi viwili nitavihesabu pamoja.

Nanga ni ya Wahaya wa Kagera, na Ukerewe wanaijua pia. Ni ubao mrefu uliochimbwa katikati kama kihori. Juu yake unapita uzi mmoja tu, ukienda na kurudi kwenye meno yaliyochongwa kila upande, hadi zinapatikana nyuzi saba au nane. Ni chombo cha wasimulizi. Tenzi ndefu za watawala na mashujaa wa Buhaya, na habari za Mugasha, mungu mwenye ziwa, zilipokewa kizazi hadi kizazi kwa nanga. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986.

Ilimba ni ya Wagogo wa Dodoma: sanduku la mti lenye vichuma bapa vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Aliyeipeleka duniani ni Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye aliitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Adungu ni kinubi chenye shingo ya upinde kutoka kwa Waalur wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Leo imeenea Uganda karibu yote, mashuleni na makanisani, na mafundi huitengeneza kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia ndogo ya kupakata hadi ya besi inayosimama sakafuni.

Cha mwisho ni baritoni, na najua utauliza imeingiaje humu. Watoto wote wanaofuata matarumbeta ya harusi wanataka tarumbeta lenyewe, lile linalotangulia na kupendwa na maharusi. Baritoni, yaani lile bomba lililokunjwa likaelekea juu na kulia sauti ya katikati, halikimbiliwi na mtu. Kwa hiyo nalo ni chombo adimu, adimu kwa wapigaji.

Nilitamani kuongeza ndono, ule upinde wenye kibuyu wa Wanyamwezi na Wasukuma, kwa sababu ni wa hapahapa na gharama yake ni mti, uzi na kibuyu. Wanaoujua wamebaki wazee wachache vijijini. Kama babu yake mtoto ni mmoja wao, acha kusoma makala hii, mpeleke likizo.

Nani atamfundisha?

Kwenye baritoni jibu ni rahisi kuliko kote. Vikundi vya matarumbeta vya harusi vipo Mwanza, makanisa yenye vikundi vya matarumbeta yapo, na mtu anayepiga tarumbeta anaweza kumwanzisha mtoto wa baritoni, kwa kuwa valvu ni tatu zilezile na vidole ni vilevile. Mtoto akizijua nota za tarumbeta, baritoni inazifuata hivyohivyo, ikilia chini zaidi. Akikua akataka besi, vidole havibadiliki sana.

Litungu linahitaji mzee. Sisemi hivyo kwa heshima tu. Halina kitabu cha mazoezi, na anayejifunza anakaa mbele ya anayejua, anatazama mikono, anaiga. Faida ya Mwanza ni kwamba watu wa Mara ni wengi mjini, na kwenye sherehe zao litungu halijapotea. Uliza kwenye harusi, uliza kwa wapangaji wenzako wanaotoka Tarime, na baada ya siku chache utaambiwa jina la mtu. Kwa nyatiti utawauliza Wajaluo. Lakini mwalimu wa aina hii hafuati ratiba ya Jumatatu na Alhamisi saa kumi. Anaweza kumkalisha mtoto nusu siku akimsikilizisha tu, na wiki ijayo yuko msibani Sirari. Mzazi anayetaka risiti ya ada na ripoti ya maendeleo atachoka kabla ya mtoto.

Nanga iko hivyohivyo, pamoja na mambo mawili. Kwanza, walimu wengi wako ng'ambo ya ziwa. Meli ya Bukoba inalala njiani usiku mmoja, kwa hiyo masomo ni ya likizo, si ya wiki. Pili, nanga haina maana bila maneno. Ukimfundisha mtoto vidole bila kumfundisha kusimulia, umempa nusu ya chombo. Maneno yenyewe ni ya Kihaya. Familia ya Kikerewe ina unafuu, lugha hizi mbili ni ndugu. Mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kiswahili peke yake atahitaji mwalimu mwenye moyo wa kusimulia kwa Kiswahili, na wapo wanaoona hilo ni kuizimua pombe kwa maji.

Ilimba inatofautiana na hivyo vyote, kwa kuwa yenyewe inamfundisha mtoto. Vichuma virefu vinalia chini, vifupi vinalia juu, na katika mpangilio uliozoeleka virefu viko katikati na vifupi vinaelekea pembeni, zamu kwa zamu, kushoto na kulia. Mtoto wa miaka saba akiachiwa sebuleni atapata wimbo anaoujua bila kufundishwa na mtu. Siku akitaka kuipiga kama Wagogo wanavyoipiga, mikono miwili ikifuma nyimbo mbili na sauti ikipita juu yake, hapo atahitaji mwalimu. Ila mlango wa kuingilia uko wazi.

Adungu, upande wetu, ndiyo yenye walimu wachache zaidi. Imekaa vizuri sana Uganda, huku bado ni mgeni. Kama mna ndugu Kampala au Masaka, au kanisa lenu lina uhusiano na kanisa la huko, fikiria. Vinginevyo mtoto atajifunza kwa kutazama video, na adungu inakubali kujifunza hivyo kuliko litungu, kwa sababu ya sauti zake, jambo nitakalolieleza.

Nani atakirudisha kwenye sauti?

Hapa ndipo vyombo vingi hufia, na wauzaji hawalisemi. Mtoto hapigi chombo kilichopoteza sauti. Hatakwambia kwamba nyuzi zimelegea. Atasema amechoka.

Litungu na nyatiti havina vigingi. Kila uzi umezungushwa kwenye mwamba wa juu juu ya kipande cha kitambaa, na kuukaza ni kukizungusha kile kitambaa kwa nguvu ya mkono mpaka kishike. Mtu mzima anatoa jasho, mtoto wa miaka minane hawezi. Tena ngozi inasikia hali ya hewa. Huku kando ya ziwa, vuli ikianza Oktoba na masika ikishika Machi hadi Mei, ngozi inalegea, daraja linazama, sauti zote zinashuka kwa pamoja. Ukipanga vyumba vinavyotazama ziwa utalijua hilo vizuri zaidi ya wa Kisesa. Kwa hiyo ukichagua litungu, umejichagua na wewe mzazi kuwa mkazaji wa nyuzi kila jioni ya somo, mpaka mkono wa mtoto upate nguvu.

Nanga haina ngozi, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila uzi ni mmoja. Ukivuta kukaza uzi wa tatu, wa nne unalegea, kwa hiyo kuituni ni kama kugawa chakula kwa watoto wengi, ukimwongezea mmoja mwingine analia. Unaanzia upande mmoja na kwenda mwingine, kisha unarudi. Watoto wenye subira hulipenda zoezi hili kuliko kupiga kwenyewe. Wasio na subira hulichukia siku ya kwanza.

Adungu ina vigingi, kila uzi na wake, vinageuzwa kwa mkono. Mtoto wa miaka tisa hivi anaweza kufundishwa. Vigingi vya mti huteleza hewa ikikauka na kukwama ikinyesha, chaki kidogo inasaidia kwenye kuteleza. Nyuzi zake leo ni nailoni ya kuvulia samaki, na hiyo Mwanza haijawahi kukosekana. Duka lolote la zana za uvuvi pande za Mwaloni litakukatia mita unazotaka, unene mbalimbali. Zamani vinubi hivi vilifungwa kano za wanyama, siku hizi hata litungu na nyatiti wengi wanazifunga kwa nailoni hiyohiyo.

Ilimba inakaa kwenye sauti muda mrefu. Kichuma kikipanda au kushuka unakisukuma ndani au kukivuta nje kidogo, basi. Adui yake ni kutu. Unyevu wa ziwa na vidole vyenye jasho hula chuma, kwa hiyo kifutwe kila baada ya kupiga na kilale ndani ya mfuko wa kitambaa, si kwenye dirisha la bafuni.

Jambo moja kuhusu ilimba, litungu na nyatiti ambalo huwapeleka wazazi kwa fundi bila sababu ni ule mvumo, sauti inayozizima kama nyuki nyuma ya kila nota. Chombo si kibovu. Fundi wa nyatiti hushikilia daraja la matete kwa nta ili kuupata, na fundi wa ilimba wa Kigogo hutoboa tundu kwenye sanduku na kuliziba kwa utando wa buibui. Ukiuondoa mvumo umeondoa nusu ya ladha.

Baritoni haitaki kutuniwa sana. Inataka mafuta ya valvu, kuoshwa ndani mara kwa mara, na mtu wa kunyoosha pale ilipobonyea. Ya mtumba ikague valvu kabla ya kitu kingine chochote: bonyeza zote tatu, achia, zirudi upesi bila kusaidiwa. Bati lililobonyea linanyooshwa, valvu iliyoliwa haiponi.

Mwili, meno na ukuta wa jirani

Kwa baritoni subiri meno ya mbele ya ukubwani yatoke yote na kutulia, ambayo kwa watoto wengi ni miaka minane au tisa. Mdomo wa baritoni ni mpana kuliko wa tarumbeta, kwa hiyo midomo minene inapata nafasi, na watoto wengi walioshindwa kulitoa sauti tarumbeta huitoa kwenye baritoni siku hiyohiyo. Uzito si tatizo akikaa. Kupiga akiandamana kwenye harusi ya Capri Point kupanda mlima, hilo lisubiri.

Litungu kamili ni kubwa kuliko mtoto. Mafundi wanaweza kuchonga dogo, ila dogo linapoteza ile sauti ya kifuani iliyokufanya ulipende. Kwa mtoto chini ya miaka kumi na moja ningeanzia nyatiti. Nanga inakaa mapajani, urefu wake unamzidi mtoto mdogo lakini sakafu inaubeba. Adungu ndogo inapakatwa bila tabu. Ilimba inaingia kwenye begi la shule, jambo ambalo mwalimu wa darasa hatalifurahia.

Kuhusu kelele, mji huu umejengwa juu ya mawe, na sauti inapanda mlima upesi kuliko bodaboda. Anayepiga baritoni Mabatini anasikika na watu asiowajua. Kama mnaishi vyumba vya kupanga vyenye ukuta mmoja na jirani anayetoka zamu ya usiku, baritoni itahitaji kanisa au darasa la kufanyia mazoezi. Litungu linapita ukutani kwa chini chini, linavumilika. Nanga na adungu ni za sebuleni. Ilimba unaweza kuipiga mtoto mwingine akiwa amelala chumba hichohicho.

Je, itakubaliana na kinanda?

Wazazi wengi hawaliulizi swali hili, na ndilo linaloamua kama mtoto atapiga peke yake maisha yake yote.

Ilimba ya Kigogo ina mpangilio wake wa sauti, unaotokana na sauti asilia zinazopanda kutoka kwenye uzi mmoja. Ni mzuri sana, ila haukai juu ya kinanda. Mtoto akiipeleka kwaya, mwalimu atasema imepotea, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Suluhisho ni kumwagiza fundi aiweke kwenye do re mi kwa ufunguo wa kwaya yenu, au kuanza na kalimba ya kiwandani ya vichuma 17, zile zinazouzwa mitandaoni, ambazo kwa kawaida zimewekwa kwenye C. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi wapigaji wa kila kona, ndiye aliyeanzisha huko Afrika Kusini kalimba za kuuzwa duniani kote. Kwangu kalimba ya kiwandani ni ngazi halali ya kuanzia. Isiwe tu mwisho wa safari.

Litungu, nyatiti na nanga vina sauti zao tano tano na mwalimu huvituni kufuata koo lake siku hiyo. Vinaishi na sauti ya mtu, makofi, njuga na ngoma, na kwa hayo havihitaji kinanda. Adungu ndiyo inayokubali do re mi bila ugomvi. Kwa sababu hiyo makanisa ya Uganda yaliipokea, na kwa sababu hiyo mtoto anaweza kujifunza nyimbo anazozijua kwa kutazama video. Baritoni ya kawaida iko kwenye B bemoli. Itakaa na kinanda mradi mwalimu ajue kuhamisha ufunguo, na wa kwaya wengi wanajua.

Kwa wanaopenda kuona kwa jicho moja:

| Chombo | Kuanzia miaka | Nani anatuni | Pamoja na kinanda |
|---|---|---|---|
| Litungu / nyatiti | 11 / 9 | mtu mzima | hapana |
| Nanga | 9 | mtoto mwenye subira | hapana |
| Ilimba | 6 | mara chache, mzazi | ikiagizwa hivyo |
| Adungu | 8 | mtoto akifundishwa | ndiyo |
| Baritoni | 9 | haina shida | ndiyo |

Umri huo ni kadirio langu la mtoto wa kawaida. Wapo wa miaka saba wenye vidole vya mtu mzima.

Na kama ni binti?

Wengine watakwambia nyatiti si ya wanawake, na kwa mila ni kweli, ilikuwa ya wanaume. Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kwa jina la Anyango, alikwenda kwa wazee wa magharibi mwa Kenya akajifunza, akatoka akiwa mpigaji. Upande wa ilimba na zeze wapo Pendo na Leah wa Zawose Queens wa Bagamoyo, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2024, na binti yako anaweza kuwatazama kwenye simu leo jioni. Mzee mwenye litungu anaweza kukataa, na hutamlazimisha. Mwulize mapema, kabla binti hajaambiwa kitu, ili kama ni hapana asiisikie yeye. Kwenye baritoni, adungu na ilimba swali hili halijitokezi sana.

Ningemchagulia nani nini

Kwa familia nyingi za Mwanza zenye mtoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili, ningesema baritoni, nikijua kwamba wengi walitarajia niseme litungu. Walimu wapo, wenzake wapo, kazi ipo: mpiga baritoni anayejiweza hupata nafasi kwenye kikundi upesi kuliko mpiga tarumbeta wa sita, na akifika sekondari ana mazoea ya kusoma nota, ambayo yatamfaa kama shule yake ni kati ya zile chache zinazofundisha somo la Muziki la Kidato cha Nne. Inagharimu zaidi ya zote, bei ya moja ya mtumba inanunua ilimba kadhaa, kwa hiyo omba kwanza kikundi kimwazime.

Mtoto wa miaka sita au saba, au yeyote mwenye aibu asiyependa kutazamwa, ni wa ilimba. Atapiga chini ya meza na atapona aibu yake taratibu.

Yule anayeongea tangu asubuhi, anayesimulia filamu kwa sauti za waigizaji wote, ni wa nanga, mradi nyumbani kuna Kihaya au Kikerewe na kuna mtu wa kumpokea likizo. Asipokuwepo, usinunue. Nanga isiyo na msimulizi ni ubao.

Litungu ningeliacha kwa mtoto ambaye ameshalisikia likipigwa na mtu mbele yake, akanyamaza, na siku ya pili akauliza lile ni nini. Huyo mtafutie mzee hata ikibidi kusafiri Tarime. Kwa mtoto ambaye mzazi ndiye anayelipenda litungu, mzazi ajifunze mwenyewe. Nasema bila utani: wazee hufurahi mtu mzima akija.

Na adungu sipendekezi kwa mtoto mmoja. Ni chombo cha kundi, ndogo, ya kati na ya besi, zikijibizana. Kama kanisa au shule iko tayari kuchukua tatu na watoto watatu, hapo inaweza kuishinda hata baritoni, maana watoto hao hawatahitaji nota ili waanze.

Kabla ya uamuzi wowote, msikilizishe. Panda naye daladala mpaka Kisesa, mpelekeni Bujora akaone ngoma za watemi kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, na kama ni Juni mngojee Bulabo, sikukuu ya ngoma ambapo Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, hushindana. Hatapata hapo baritoni wala adungu. Ila utaona anasimama karibu na nini: karibu na anayeimba, karibu na wanaopiga kwa pamoja, au pembeni na kitu kidogo mkononi.

Ukiwa kwa fundi

Muulize fundi ngozi ni ya nini. Wapo wanaopenda ngozi ya kenge kwa sababu ni nyembamba na inalia vizuri, lakini kenge ni mnyamapori, yumo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kumvusha mpakani, hata akiwa amewambwa juu ya chombo, kunahitaji kibali. Ukirudi na kinubi kutoka Kampala kupitia Mutukula usitake kuanza kueleza hayo dirishani. Sema mbuzi au ng'ombe, na uwe umesema kabla hajakata.

Kama ni ilimba, nenda na simu yenye programu ya kutuni na umwambie ufunguo unaoutaka. Kama ni litungu au nyatiti, mwambie mtoto akae kwenye kigoda mbele yake apimwe mikono, usimtumie urefu kwa simu. Fundi akisema njoo baada ya wiki mbili, njoo baada ya tatu, na umwombe akufunge uzi mmoja mbele yako polepole, wewe na mtoto mkitazama, kisha aufungue mfunge wenyewe. Nunua na nailoni ya akiba hapohapo mjini kabla hujapanda gari, unene uleule.